Bata wa Eli Bebb

Jumamosi, 8 Septemba 1962

Binti yetu Marian na mumewe Clive wametuletea kigari chao cha zamani kwa kuwa wao wamenunua kingine. Eti cha zamani, na kina miaka miwili tu! Ni cha kijivu, kina paa, kinapasha miguu joto, na milango yake inafungika bila kupigwa teke. Clive alimkabidhi Eli ufunguo kwa mikono miwili, kama mchungaji anavyokabidhi kikombe cha Meza ya Bwana.

"Sasa mama hatalowa tena akienda kanisani," akasema.

Eli akashukuru, nami nikashukuru. Kisha sote tukageuka kutazama bandani, na Bata alikuwa mle ametoa pua nje kama aliyesikia.

Bata ni gari letu, Alvis ya mwaka 1924. Jina amelipata kwa mkia wake, alumini tupu iliyosuguliwa na kuchongoka nyuma kama tako la bata anayeelea. Hana paa wala hita, na nafasi ni ya watu wawili wanaopendana. Eli alimnunua kwa mjane wa daktari mwaka ule aliokuja kuniposa, na tangu siku hiyo mume wangu hajapata kuendesha kitu kingine chenye injini. Amembebesha mbao za kazi yake ya useremala, kondoo mgonjwa, na mimi nilipokuwa na uchungu wa Marian.

"Utazoea, baba," Clive akamwambia. "Hiki hata mtoto mdogo anakiendesha."

"Basi niachie na huyo mtoto mdogo," Eli akajibu.

Jumatano, 12 Septemba

Mvua. Eli amekwenda mjini na kigari, amerudi salama. Anasema ni kama kuendesha kabati la nguo.

Jumamosi, 22 Septemba

Nisipoandika sitalala.

Leo ilikuwa siku ya kulipamba kanisa kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Tulipakia kigari maboga, vitunguu, na ule mkate mkubwa nilioufinyanga kama mganda wa ngano. Eli akaingia langoni mwa kanisa polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Ghafla Bi Tranter, mpiga kinanda wetu, akatoka barazani kinyumenyume akiburuta kikapu cha matofaa. Eli alimwona. Nilikuwa kando yake, nikamwona anavyomwona. Akakanyaga, na kigari badala ya kusimama kikaruka!

Kikapiga nguzo ya baraza. Vigae vikamwagika, maboga yakavunja kioo cha nyuma na kubingirika hadi barabarani. Bi Tranter akaanguka chali juu ya matofaa yake, na bampa ikakoma mbele ya viatu vyake, karibu kiasi cha mkono kunyooshwa. Kisha yeye mwenyewe, akiwa pale chini, akasema, "Eli Bebb, kama hukupenda nilivyopiga wimbo Jumapili iliyopita, si ungesema tu!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kushukuru uhai. Eli hakucheka. Aliushika usukani vilevile, akinirudia mimi, "Nilikanyaga breki. Hester, haki ya Mungu nilikanyaga breki." Katika miaka yote ya ndoa yetu sijapata kumsikia akiapa.

Fundi wa gereji amekuja kutazama. Breki nzima kabisa.

Jioni Marian alinivuta jikoni akanong'ona, "Mama, babu naye akili si ilianza kumpotea hivihivi? Alianza kwa kuweka maziwa kwenye oveni." Nikamwambia anyamaze. Lakini nyumba yetu ni ndogo, na mlango wa jikoni Eli aliutengeneza mwembamba.

Jumapili, 23 Septemba

Alfajiri Eli alikwenda kuliegemeza baraza la kanisa kwa magogo. Ibadani akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wimbo wa mavuno bila sauti yake ya besi ni kama mkate bila siagi.

Jumatatu, 1 Oktoba

Amerudisha ufunguo kwa Clive. Kisha akamfunika Bata turubai, akamfunga kamba. Anakwenda kazini kwa miguu, na mfuko wa misumeno begani.

Jumamosi, 13 Oktoba

Leo msimu wa mashindano ya vilima umefunguliwa. Nimeoka tu.

Ukiacha miaka ya vita, kabla ya leo hatukuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Kazi yenyewe ni ya wendawazimu: magari ya kizamani hupandishwa vijia vya matope ambavyo hata mbuzi angeomba ushauri, na anayefika juu bila kusimama ndiye mshindi. Dereva peke yake hawezi. Pembeni yake lazima awepo mdundaji, mtu wa kurukaruka kitini kwa nguvu zake zote ili magurudumu ya nyuma yaikamate ardhi. Eli aliendesha, mimi nikadunda. Ndivyo tulivyochumbiana. Mama yangu alisema msichana wa Kimethodisti hafai kuonekana akidunda hadharani, nikamjibu kwamba nadunda kwa mapigo ya tenzi za kanisa, nikiimba moyoni. Ndiyo, kweli nilifanya hivyo.

Mwaka wa kwanza, kwenye kilima cha Pedlar, kofia yangu iliruka ikamezwa na gurudumu. Eli hakusimama. Tulipofika juu akageuka, uso mzima matope, meno tu ndiyo meupe, akasema, "Nitakununulia nyingine, ukikubali kukaa hapo siku zote." Ndiyo posa niliyopewa. Kofia yenyewe sijaiona mpaka leo.

Jioni hii nilimwuliza kama anakumbuka. "Kofia gani?" akasema. Nikashtuka, nikamtazama vizuri. Akaona hofu yangu, akageuza uso. Sijui kama alitania. Zamani ningejua.

Jumamosi, 10 Novemba

Amekuja Bwana Salter kutoka Birmingham, mnunuzi wa magari ya kale. Aliyemwita kwa barua ni Eli mwenyewe, mimi sikuambiwa. Salter alilizunguka gari akipiga mbinja, akapangusa mkia kwa kitambaa chake.

"Mzee Bebb, mbona unaachana na mtoto mzuri hivi?"

"Gari lisilo na dereva huoza," Eli akasema. "Na hapa hakuna dereva."

"Haya. Nina safari nyingi mwaka huu. Nitakuja na lori baada ya Krismasi, njia ikipitika." Salter akanigeukia kwa mzaha. "Na mkimpata dereva kabla sijafika, bibiye, nipigieni simu nisipoteze mafuta bure!"

Wakapeana mikono. Mtu wa nyumba hii akishatoa mkono, ametoa.

Nilikwenda kuwaona kuku, nikalia kidogo.

Jumapili, 2 Desemba

Baada ya ibada Bi Tranter alisimama mlangoni akiitazama nafasi ya Eli. Eli alikuwa ameshatoroka. "Mwambie mumeo mimi sijafa," akaniambia. "Ananikwepa kama mzimu. Waimbaji wa besi waliobaki wananguruma kama mabomba ya bafuni." Nilimfikishia. Eli akasema, "Ni mwema," akaendelea kunoa patasi.

Jumatano, 26 Desemba

Theluji imeanza. Marian na Clive wamewahi kuteremka mjini kabla njia haijafungika.

Jumapili, 6 Januari 1963

Theluji imefika madirishani. Kanisa halifikiki, tumesoma Zaburi jikoni.

Nina jambo la kuungama, na nitaliungama hapa kwanza. Bwana Pugh, jirani yetu wa juu, anafukua kondoo wake kwa koleo, wengine wamekufa wakiwa wamesimama. Watu wote wanaomba theluji iishe. Mimi jana usiku nilipiga magoti nikaomba iendelee, kwa sababu njia ikipitika, lori litakuja. Nilipofika "Amina" niliona haya. Lakini sikuirudisha ile sala.

Alhamisi, 10 Januari

Baridi. Mayai yanapasuka kwenye viota.

Jumamosi, 19 Januari

Leo nina mengi.

Asubuhi Clive alipanda kwetu kwa miguu, akitembea juu ya vichwa vya ua wa miti, na gunia la mikate mgongoni. Masharubu yake yaliganda. Nimepata kumwita kijana wa nywele za mafuta, Mungu anisamehe. Alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza tuliposikia boriti ya banda ikilia. Paa lilikuwa limebonyea kwa uzito wa theluji, na chini yake ni Bata.

"Mtoeni!" nikapiga kelele.

Eli akakata kamba, akavuta turubai, akajaza mafuta, akazungusha hendeli ya kuwashia injini. Tangu Septemba injini hiyo haijaguswa. Ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika, na mlio ule nilikuwa nimeusahau kifuani mwangu. Lakini Eli alisimama palepale, na hendeli mkononi.

"Ingia baba, paa linakuja!"

"Ingia wewe."

"Mimi sijawahi…"

"Ingia, Clive!"

Clive akaruka ndani. Eli akamwonyesha gia, Bata akatoka bandani akiteremka uani, mzuri kabisa, kama bibi harusi. Mbele palikuwa na pampu ya maji. Eli akapiga ukelele, "Breki! Kanyaga breki!" Naye Clive, dereva wa kila siku, mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye macho ya mwewe, akakanyaga. Bata akanguruma! Akaipita pampu kwa unywele, akabomoa lango la nguruwe, akazamisha pua yake ndani ya lundo la samadi lililofunikwa theluji. Kisha Clive akainuka, samadi mpaka masikioni, akasema, "Nilikanyaga breki! Haki ya Mungu nilikanyaga breki!"

Eli akamtazama.

"Umesema nini?"

"Nimesema nili…" Clive akakoma. Akainama, akatazama miguu yake. "Baba. Hii pedali ya katikati ni ya nini?"

"Ya mafuta."

"Na breki?"

"Kulia kabisa. Siku zote ipo kulia."

Hapo ndipo mimi niliyeketi kwenye gari hili karibu miaka thelathini nilipoelewa. Kwenye gari la Clive breki ipo katikati, na mafuta yapo kulia. Kwa Bata ni kinyume. Mtu akishtuka hana nafasi ya kuwaza, mguu wake unakwenda unakokujua. Wa Clive umekwenda katikati. Wa Eli, siku ile ya maboga, ulikwenda kulia. Mazoea yana taabu.

Eli akaketi kwenye theluji, taratibu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamganda. Clive naye akacheka ndani ya samadi. Paa la banda likaporomoka nyuma yetu, na hakuna aliyegeuka.

Clive alipokuwa anaondoka aliniambia, "Marian nitamweleza mimi. Nami nitasema nilikuwa kwenye samadi, nisifiche kitu."

Jumatatu, 21 Januari

Nilidhani yamekwisha, kumbe bado. Leo Eli aliingia kwa Bata, akakaa kwenye usukani. Mguu wake wa kulia ulitetemeka mpaka gari zima likatetemeka. Akashuka.

"Lakini sasa unajua haikuwa akili," nikamwambia.

"Najua. Ulikuwa mguu. Lakini mguu ni wangu, Hester. Nikifumba macho namwona mama wa watu yuko chini juu ya matofaa." Akavuta turubai. "Njia ikifunguka, Salter atachukua. Nilitoa mkono."

Jumanne, 22 Januari

Nimewaza usiku kucha, na leo wakati wa uji nikasema, "Mimi sijawahi kuendesha chochote. Mguu wangu haujazoea popote. Nifundishe."

"Una miaka hamsini na mbili."

"Sara alikuwa na tisini alipomzaa Isaka."

"Sara hakubadilisha gia."

Lakini alikuwa ameshainuka kutafuta koti.

Jumamosi, 2 Februari

Shamba la Bwana Pugh limeganda kama sahani. Tunazunguka humo. Eli yupo kwenye kiti changu, ameshikilia ubavu wa gari kwa mikono miwili. Kumbe kiti kile kinaogopesha hivyo! Nimemwambia ndivyo nilivyokaa miaka yote hiyo.

"Wewe ulikuwa unaimba," akasema.

"Nilikuwa ninaomba."

Jumatatu, 11 Februari

Nimegonga mti wa Bwana Pugh. Mti mzima.

Jumanne, 19 Februari

Gia ya pili imenikubali. Eli alisema "vizuri" mara moja, akijisahau.

Jumatano, 6 Machi

Usiku sikusikia kitu, na hicho ndicho kilichoniamsha: upepo wa baridi umekoma kulia. Asubuhi maji yanatiririka kila mahali. Bwana Pugh amepita, mwembamba, amepoteza nusu ya kondoo wake. Nilimpa supu, sikuweza kumtazama usoni. Alipoondoka nikapiga magoti palepale jikoni nikairudisha ile sala ya Januari. Niliirudisha kwa shida, lakini niliirudisha.

Jumamosi, 16 Machi

Salter amekuja. Lori lake liliishia chini kwenye barabara kuu kwa sababu ya matope, akapiga simu kutoka dukani. Eli akachukua kofia yake ili amfuate kwa miguu. Nikamwambia aketi kitini kwangu. Akanitazama, akaketi.

Tukateremka. Niliendesha mimi, kijiji kizima kikitazama, na vile vibao vyekundu vya mwanafunzi wa udereva vikiwa mbele na nyuma. Nikasimama mbele ya lori, sawasawa nilipotaka. Salter alitoa sigara mdomoni.

"Bwana Salter," Eli akasema, uso mweupe, "nilikupa mkono. Bado ni wako ukiutaka. Lakini ulituambia tukimpata dereva tukupigie simu. Simu zilikatika kwa theluji."

Salter akanuna, na nisingemlaumu. "Mzee, nimetoka Birmingham!" Akamzunguka Bata, akapangusa mkia kama mwaka jana, akanitazama mimi niliyeushika usukani kwa nguvu hata glavu zikakunjamana. Mwisho akasema, "Bibiye, kwa uso huo, mimi sithubutu kukushusha." Alikunywa chai kwetu, akala vipande vitatu vya keki kwa hasira, akaondoka na lori tupu.

Alhamisi, 28 Machi

Nimefaulu mtihani wa udereva. Mtahini aliniuliza breki ipo wapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ipo.

Jumamosi, 6 Aprili

Kilima cha Pedlar. Mashindano ya mwisho ya msimu, na kwetu ya kwanza.

Matope baada ya theluji ile yalikuwa kama uji wa shayiri. Bwana Pugh ndiye mwamuzi, na bendera yake. Marian alikuja na thermosi, Clive akaja na viatu vya mpira na mzaha wake wa samadi, ambao sasa anausimulia kwa kila mtu. Na pale juu, kwenye kigoda cha kukunja, chini ya mwavuli, alikuwa Bi Tranter, ambaye katika maisha yake yote hajapata kuhudhuria upuuzi huu. Eli alipomwona akaivuta kofia yake hadi machoni.

"Utadunda au hutadunda?" nikamwuliza.

"Endesha, mwanamke."

Nikaendesha. Kona ya kwanza tuliipita. Kona ya mawe tukaipita, mkia ukiserereka huku na huku kama bata kweli. Kisha pale kwenye mwinuko mkali, mahali ilipokufa kofia yangu, Bata akaanza kuchoka. Nikapaza sauti, "Dunda, Eli!" Akadunda. Jamani, mtu mzito yule! Kiti kililia, gari likayumba, magurudumu yakashika, yakateleza, yakashika. Na katikati ya mlio ule nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu Septemba. Alikuwa anaimba besi. Wimbo wa mavuno, mwezi wa Aprili, kwa mapigo ya kiti.

Hatukufika. Hatua chache chini ya kilele magurudumu yalizunguka bure, Bata akaanza kurudi nyuma. Sikuwaza. Mguu wangu ulikwenda kulia kabisa, tukasimama. Sasa nami gari lingine siliwezi tena.

"Mmeshindwa!" Bwana Pugh akatangaza kwa furaha, akipeperusha bendera.

Ndipo Bi Tranter akainuka kwenye kigoda chake, akateremka akiegemea mwavuli, akasimama mbele ya pua ya Bata, karibu kiasi cha mkono kunyooshwa.

"Hester, shuka," akasema.

Nikashuka.

"Eli Bebb, viatu vyangu vimejaa maji na magoti yananiuma. Nirudishe nyumbani."

"Bi Tranter," Eli akasema, "Hester atakupeleka. Mimi sijaendesha tangu…"

"Najua tangu lini. Nilikuwepo."

Watu wote walijifanya wanatazama matope. Eli akajisogeza, taratibu, kutoka kiti changu hadi chake. Bi Tranter akapanda, akaweka mwavuli wake kati ya magoti kama upanga. Mimi nikazungusha hendeli. Nilitazama mguu wa kulia wa Eli. Ulitetemeka. Ukatua.

Bata ana viti viwili tu, kwa hiyo nilirudi kwa miguu, nikamkatalia Clive lifti. Nilitembea nikisikiliza. Gia ya tatu kwenye daraja. Ya pili kwenye kona ya Pugh. Chini kabisa kuna lango la kanisa, ambapo nyumba ya Bi Tranter ipo ng'ambo yake, na mtu lazima afunge breki ili aingie. Nikasimama katikati ya njia. Mlio ukaja ukashuka, ukashuka, ukatulia. Kitambo kidogo. Mlango ukapigwa teke kufungwa. Kisha injini ikapanda tena, laini, ikaanza kurudi kunifuata.

Nikavua glavu nikamshukuru Mungu palepale, katikati ya matope. Viatu vimeharibika kabisa.